Barua kutoka Mombasa: tofauti ya shilingi 180

Mombasa, Mji wa Kale
Jumapili usiku

Shoga yangu mpenzi,

Hujambo? Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Niwie radhi, nilikuahidi barua nikifika na leo natimiza siku ya kumi na mbili. Safari ilikuwa njema. Basi asubuhi kutoka Tanga, mihuri ya mpakani Horohoro na Lunga Lunga, na alasiri nikawa juu ya kivuko cha Likoni, begi kifuani, katikati ya mikokoteni na wanafunzi wanaorudi makwao. Nimepata chumba kwa bibi mmoja ambaye kila asubuhi ananiwekea mahamri na mbaazi, na hataki kusikia habari ya kulipia.

Wiki ya kwanza ilipotea. Tulipanga mahojiano ya utafiti wetu na wahasibu yaanze tarehe 16, na ritani za VAT, kodi ya ongezeko la thamani, huku mwisho ni tarehe 20, sawasawa na kwetu. Nilipaswa kulikumbuka. Ofisi moja ilinikalisha kwenye benchi tangu saa tatu asubuhi hadi saa saba, kisha wakaniambia nirudi wiki ijayo. Iliniuma, maana kibali cha utafiti cha NACOSTI kilikuwa mkononi na miadi tulikuwa tumewekeana. Tangu tarehe 21 milango imefunguka, na hadi leo nimeshazungumza na watu tisa.

Dodoso letu unalijua: maswali ishirini juu ya viwango vya kimataifa vya uhasibu. Kenya walivianza 1999, sisi 2004, tukadhani ile miaka mitano ndiyo yenye habari. Wanajibu vizuri, lakini kama watu wanaosoma tangazo. Nikiuliza, "Jana ulishinda ukifanya nini?" hapo ndipo wanapochangamka. Mhasibu wa hoteli moja alinieleza habari ya samaki. Tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS, ule mfumo wa kielektroniki wa mamlaka ya kodi ya Kenya, haikubaliwi kupunguza faida inayotozwa kodi, ukiacha zile chache zilizosamehewa. Sasa mvuvi anayeshusha changu alfajiri ana ankara gani? Dada huyu anakwenda mwenyewe pwani na simu yake, anakaa na wavuvi, anawaeleza taratibu. Sisi Tanzania mashine za risiti za EFD tumeishi nazo tangu 2010, lakini sikuwahi kuliwaza jambo hili upande wa muuza samaki.

Lakini hasa nataka nikueleze ya mzee mmoja. Ofisi yake iko karibu na Treasury Square, ghorofa ya pili, feni moja, leja zimepangwa hadi darini. Alifaulu mitihani ya uhasibu ya KASNEB, bodi ya Kenya, sisi hatujazaliwa. Nikiwa kwake akaingia binti wa mazoezi, macho yamemwiva. Daftari la benki na taarifa ya benki hazipatani, tofauti 180, na ameitafuta tangu asubuhi. Mzee hakugusa kompyuta.

"Igawe kwa tisa, mwanangu."

"Ishirini kamili."

"Basi huenda kuna tarakimu zimepinduana. Na kwa kuwa ni ishirini, angalia mamia na makumi, zinazopishana kwa mbili."

Hazikupita dakika kumi, akaipata: malipo ya 4,530 yameandikwa 4,350. Shoga, mwili ulinisisimka. Tarakimu jirani zikibadilishana nafasi, tofauti daima hugawika kwa tisa. Miaka mitatu darasani na hakuna aliyewahi kunionyesha hivyo.

Nikamuuliza, kwa nini uhangaike na shilingi 180? Akavua miwani. "Mia na themanini naweza kuzitoa mfukoni. Lakini nitajuaje kwamba ni mia na themanini kweli? Huenda ni laki imezidi huku na laki kasoro kidogo imepungua kule, zikafichana." Kisha akamwagizia yule binti chai.

Nimekuwa nikikufikiria tangu siku ile. Uliniambia karatasi ya mtihani wa ukaguzi wa hesabu imekuangusha mara ya pili na unataka kuacha. Sikukujibu kwa sababu sikuwa na la kukwambia. Sasa ninalo. Wewe ndiye uliyekaa siku tatu ukitafuta pesa za kikoba cha mama yako hadi ukazipata kwenye ukurasa uliogandana na mwingine. Wale wote tisa niliozungumza nao wanafanana na wewe kwa hilo kuliko wanavyofanana na waliotushinda kwa alama. Tafadhali usijiondoe kwenye mtihani wa NBAA, bodi yetu ya wahasibu, kabla sijarudi. Jumamosi nitakuwa Tanga, na Jumatatu Dar. Nakuletea mabuyu, na bibi anasema nikuchukulie na kahawa.

Mzee amenipa hesabu nyingine, tofauti yake 63. Nimeinakili yote, malipo ishirini na sita, kwenye karatasi ya pili. Jibu liko nyuma. Usigeuze kabla hujaitafuta.

Wako akupendaye,
mwenzako wa dawati la nyuma