Funga pochi kwanza, tabo haijafa

Ndugu yangu Mwakio,

Salaam. Huku Mombasa tu wazima, joto tu ndilo halina adabu. Habari za nyumbani nitaziuliza mbele, maana ujumbe wako umenikaa kichwani: Toyota 86 lako linatoa moshi wa buluu kwenye foleni, na umeshaambiwa ununue tabo nyingine (turbo, ile feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuisukumia injini hewa). Bwana, funga pochi kwanza.

Umesema mwendoni hakuna moshi; hutoka ukishasimama kidogo, kisha ukakanyaga. Hiyo ni dalili ya oili inayoshindwa kutoka ndani ya tabo. Oili huingia kwa presha kupitia kibomba chembamba, lakini ikishapita kwenye beringi presha imekwisha: inashuka kwa uzito wake tu, tena imejaa povu. Ikikuta njia imebana hujaa mle ndani na kuvuka pete za shafti, kwa sababu pete zile kazi yake kubwa ni kuzuia moshi, haziwezi kuzuia oili iliyofurika. Basi inaangukia kwenye ekzosi na kuungua.

Kwa hiyo ingia chini ya gari utazame bomba la kurudisha oili. Tundu la ndani la milimita 16 ni salama; chini ya 12 usikubali. Bomba literemke mfululizo, lisiwe na goti, lisipande mahali popote, na liingie kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) juu ya usawa wa oili. Tundu la kutolea chini ya tabo litazame ardhi. Likilala, lisizidi nyuzi 35 kutoka wima. Kama seti yako ya tabo imeiweka chini mno, hakuna mteremko wa kutegemea, lazima kuwe na pampu ya kuivuta oili. Fungua na flanji ya bomba hilo, pale linapofungwa kwenye tabo: mara nyingi utakuta silikoni imefinywa ndani hadi tundu limebaki nusu. Pale inatosha gasketi peke yake. Na kibomba cha juu, kile cha kuleta oili, kisifungwe kwa ile tepu nyeupe ya mafundi bomba. Kipande kikikatika kinaziba njia, na hapo kweli utanunua tabo. Kama tabo yako ni ya beringi za gololi, uliza kama iliwekwa kizuizi cha tundu la milimita 1 hivi. Bila hicho huletewa oili kuliko inavyoweza kutoa. Ya beringi za kawaida usiiwekee kizuizi chembamba hivyo.

Bado moshi? Basi tazama hewa ya ndani ya injini. Ile vali ya PCV, inayotoa hewa chafu ndani ya injini, ilizoea kuvutwa na manifoldi ya kuingizia hewa. Sasa tabo inapopuliza, manifoldi ina presha. Vali ikivuja kinyume, krankkesi (tumbo la injini) inajaa upepo na oili ya tabo haina pa kushukia. Ukikanyaga sana kisha ukakuta dipstiki, kijiti cha kupimia oili, imejiinua, umeshampata mwizi. Dawa ni vali ya njia moja, hozi pana za kupumulia na kopo la kunasa oili.

Ukishamaliza yote hayo ndipo uishike shafti ya tabo. Kucheza kidogo kando ni kawaida kwa beringi za kawaida. Ikienda mbele na nyuma kwa kuhisika, au mapanga yakigusa ganda, haya, nunua. Utando wa oili ndani ya mabomba ya intakula (kipoza hewa ya tabo) usikutishe.

Sasa hii safari ya harusi ya kina Zuhura. Kama tyuni yako, ile mipangilio ya kompyuta ya injini, ilifanywa Nairobi peke yake, usije nayo hivyo hivyo. Hewa ya huko ina presha ya psi 12 hivi, huku pwani ni 14.7. Springi ya westigeti, kile kilango kinachozuia presha ya tabo isizidi, inapima tofauti na hewa ya nje, kwa hiyo geji itakuonyesha psi 7 zilezile, lakini injini itakuwa inameza karibu 22 badala ya 19. Kompyuta inaingia kwenye safu ambazo fundi hakuwahi kuzigusa, na pistoni zako bado ni zile za mgandamizo wa 12.5 kwa 1. Ongeza joto la Voi na malori ya kupita moja baada ya jingine. Injini ikianza kugonga (mafuta kulipuka yenyewe ndani) hutaisikia kwa kelele za ekzosi lako. Mwombe fundi tyuni ya presha ndogo yenye taimingi (wakati wa cheche) iliyorudishwa nyuma, kwa mafuta ya pampu unayonunua kila siku. Ukikanyaga mpaka chini, uwiano wa hewa na mafuta ukae 11.5 hivi, ukiona unapita 12.5, ondoa mguu. Oili ikifika nyuzi joto 120, punguza mwendo. Na gia ya sita kwenye mizunguko 2,000 usikanyage, shusha gia: torki ya ghafla chini ndiyo inayokunja konrodi, vile vyuma vinavyoshika pistoni.

Kabla hujatoka, kaza upya nati za manifoldi ya ekzosi na klipu zote, injini ikiwa baridi. Plagi ziwe za baridi hatua moja, pengo milimita 0.7. Na ile vali yako ya pshhh, inayoachia hewa ya tabo ukiondoa mguu, irudishe hewa kwenye bomba baada ya sensa ya kupimia hewa; ukiiachia nje, hewa imeshahesabiwa na mafuta yanazidi. Najua sauti unaipenda. Vumilia.

Lakini bomba la oili kwanza, hayo mengine yatangoja.

Seti ilikuja na bomba la kurudisha la namna gani, mpira au la kusukwa? Beringi ni zipi? Umebaki na oili ya 0W-20 au umehamia 5W-40 iliyo nzito zaidi? Bima wanajua habari za tabo? Shemeji anajua bei yake? Na Kassim, ameshakurudishia ile spana ya torki au nije na yangu?

Nijibu kabla ya Ijumaa.

Wako,
Salim