Huruma yetu ina haraka mno

Mhariri, naomba nafasi kidogo maana hili jambo limenikaa rohoni wiki nzima.

Juzi kijana wa pikipiki kagongwa mbele yangu, na kabla hata vumbi halijatulia watu tushajaa. Huyu kashika mikono, yule miguu, haya juu, moja kwa moja siti ya nyuma ya teksi, kichwa kinaning'inia, na mguu uliovunjika ulipogoma kuingia tukaukunja ili mlango ufungwe. Nasema tukaukunja maana na mimi nilikuwemo, nilishika kiatu. Kile kilio sijakisahau mpaka leo.

Roho mbaya hakuna pale, ila haraka yetu ndo inaumiza. Shingo ikiwa imevunjika, kule kumkunja tu kunaweza kuharibu uti wa mgongo na mtu ambaye angetembea akabaki wa kitandani. Kama hakuna moto wala hatari ya kugongwa tena, mwache alipo, mmoja amshikilie kichwa kisiyumbe, mwingine apige simu kuita ambulensi. Isipopatikana, tafuteni ubao au hata mlango, mgeuzeni wote kwa pamoja kama gogo, halafu gari liwe lile analoweza kulala amenyooka, hata pikapu.

Damu sasa hiyo haisubiri mtu. Ikiruka kwa nguvu anaweza kuisha ndani ya dakika chache, kwahiyo vua shati, kandamiza kidonda haswa, na usifunue funue kuchungulia kama imekata (wote tunafanya hivyo), ikilowa ongeza kitambaa kingine juu yake. Chuma kilichomchoma kiacheni humo humo. Na maji ya kunywa hapana hata akililia, atapaliwa, na pengine anaenda kupasuliwa.

Shirika la Afya Duniani lilishaandika kwenye mwongozo wake wa 2005 kwamba pasipo na ambulensi za kutosha waanze kufundishwa wale wanaofika wa kwanza, wakiwemo madereva wa magari ya biashara. Mimi nikitafuta leseni nilipimwa kurudi rivasi na kupaki, habari ya damu hakuna aliyeniuliza.

Gazeti lako lina ukurasa wa afya, mhariri, tuchoreeni hizo hatua kwa picha kubwa kubwa, watu wakate wabandike kwenye dashibodi.

Ni mimi niliyeshika kiatu