Jina lako liandike lote

Kisumu, Jumapili usiku

Otieno mwanangu,

Dada yako ameniambia huko Molo unaitwa "Mwalimu Brian" tu, na kwamba hata kwenye beji Otieno, jina letu la Kijaluo, umelitoa. Mbona nisikie kwake? Jalada la faili ya mazoezi ya ualimu lina majina yako yote, na mtathmini atayaita mbele ya watoto. Jina likitajwa na mwingine, utaonekana ulikuwa na la kuficha.

Andalio lako la somo la Kiswahili la Gredi ya 2 nimelisoma. Swali dadisi ni zuri, hata mimi lisingenijia. Lakini shughuli nne kwa dakika 30! Toa mbili. Halafu azimio la kazi, ule mpango wa muhula, liko wiki ya tatu, andalio liko wiki ya nne. Mtathmini huanzia hapo kabla hujafungua mdomo. Rekodi ya kazi ijaze kila kipindi kinapokwisha. Ukiijaza usiku mmoja, wino husema.

Watakucheka kwa "sh", ndiyo. Kijaluo hakina sauti hiyo, kwa hivyo ulimi unaangukia "s". Usikwepe maneno yenyewe. Andika kwenye karatasi ya manila: suka, shuka. Suka nywele, shuka mlima. Watazame midomo yako. Kwenye "sh" inachomoza kidogo na ulimi unarudi nyuma. Kisha leta kula na kura, wale Wakikuyu wajikwae, halafu bata na pata kwa Wakalenjin. Hapo kicheko kitakuwa cha darasa zima. Na darasa likiwa mchanganyiko hivyo, lugha ya eneo, yaani ya kufundishia, kwa Gredi ya 1 hadi 3 huwa Kiswahili, basi usiniambie shida ni Kikuyu.

Walimu wakianza kilugha ofisini, usiende kukaa na simu chini ya mti. Kaa, uliza maana. Wengi wamezoea tu, hawana ubaya. Ila mtu akisema darasa halikufai kwa sababu ya kwenu, andika tarehe, saa na maneno yenyewe, umpelekee mratibu wa mazoezi chuoni. Usiyapeleke kwenye kikundi cha WhatsApp. Katiba, kifungu cha 27, inakataza ubaguzi wa kabila, lakini mratibu atataka karatasi.

Najua ni nani aliyekuzoesha kulikata jina hilo mwaka 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, ukiwa nasari. Alikuwa na hofu zake. Sasa liandike lote, Otieno.

Sweta ya baba yako nimeifunga pamoja na omena. Mzigo utakuja na matatu ya kesho asubuhi, uuchukue Mau Summit. Omena ioshe kwa maji moto kabla ya kukaanga, mwenye nyumba asilalamikie harufu. Hapa gesi imekwisha tena, tunapikia makaa. Yule kuku mweupe anaatamia. Mzigo ukifika nipigie, na uniambie umeandika jina gani ubaoni.

Mamako