Mita imelia "pii" lakini redio haifiki mbali? Soma hapa kabla hujanunua antena nyingine

Assalamu alaykum ndugu zetu wa Amu, Shela, Matondoni mpaka Faza na Kizingitini. Tunaandika hii manake tumeletewa koili (waya uliozungushwa raundi nyingi juu ya bomba) za antena za mashua na kila mara hadithi ni ile ile, redio inasikia vizuri ila nahodha akibonyeza aseme wenzake hawampati, na fundi wa kwanza alishapiga mita ya umeme ikalia akasema koili nzima, tafuta shida kwengine. Tunazungumzia zile antena ndefu za redio za HF, yaani za mawasiliano ya mbali, zenye koili pale chini, sio VHF ya karibu ya chaneli 16, ile ni habari yake mbali.

Sasa mita ikilia inakwambia kitu kimoja tu, waya haujakatika. Basi. Chukua koili kama aliyotuletea nahodha mmoja wa Faza, raundi 60 za waya wa kopa wa milimita 1, upana sentimita 5 na urefu sentimita 10. Waya wote ule ni kama mita 9 na nusu na ukinzani wake ni kama omu 0.2 peke yake, kwa hivo raundi moja ikishoti na jirani yake umepoteza omu 0.003 hivi, na mita ya kawaida inasoma mpaka 0.1 tu, itaona wapi?

Ndo maana sisi hatuishii kwenye mita. Tunapiga hesabu kwanza koili ingetakiwa iwe vipi, kisha tunaipima, kisha tunaweka hizo mbili kando kwa kando. Hesabu yenyewe ni ya zamani, Harold Wheeler wa Marekani aliitoa mwaka 1928 na mpaka leo kwa koili ya raundi za safu moja inakaribia ukweli kwa asilimia 1 hivi. Kwa hii ya nahodha inatoa indaktansi, yaani nguvu ya koili ya kupinga mkondo unaobadilika, ya maikrohenri 72. Lakini pima vizuri! Upana ni kutoka katikati ya waya mpaka katikati ya waya, bomba lenyewe lilikuwa milimita 49, ukiongeza waya ndo unapata 50, wengi wanapima bomba tu halafu wanashangaa hesabu haikubali.

Halafu tunaifunga na kapasita, kifaa kidogo cha kuhifadhi chaji ya umeme, ya pikofaradi 100 tutafute inaitikia kwenye masafa gani, hiyo ndo resonansi. Kapasita nayo tunaipima kabla, manake imeandikwa 100 lakini yetu ni 104. Na koili yenyewe ina kapasitansi yake ya ndani kati ya raundi na raundi, Medhurst wa Uingereza alitoa jedwali lake 1947, hapa ni kama pikofaradi 2.5. Ukijumlisha vyote inatakiwa iitikie karibu megahezi 1.81. Tukaiweka juu ya meza ya mbao, hakuna chuma karibu, kitanzi cha NanoVNA, kile kipimo kidogo cha kuonyesha koili inaitikia wapi, kikae mbali kidogo kisiiguse koili wala kuivuta. Ikaitikia 2.0.

Hapo ndo utamu wa hii kazi, wallahi. Tofauti ikienda juu maana yake indaktansi imepungua, na ukirudi nyuma kwenye hesabu unapata chini ya 60 badala ya 72, yaani karibu moja ya tano imeliwa. Ukitoa raundi moja kati ya 60 unapoteza kama asilimia 3 tu, lakini raundi moja iliyoshoti inageuka kama transfoma ndogo, inazungusha mkondo wake yenyewe na kuipinga koili nzima. Tukaangalia kwa lenzi, jua lilikuwa limelainisha bomba, raundi mbili za katikati zimeteleza zikagusana na enameli, ile rangi inayoukinga waya, imekwisha hapo. Antena haikuwa tena kwenye masafa yake, nguvu inarudi kwenye redio badala ya kutoka, kusikia bado unasikia manake kusikia hakudai sana.

Tukaisuka upya kwa nafasi sawa, tukapata 1.80. Hesabu 1.81, kipimo 1.80, hiyo tofauti ndogo ni nyaya za kuungia. Hapo tunaitoa kwa roho safi.

Koili ikiitikia chini kidogo ya hesabu na kilele cha mwitikio kwenye kipimo kikawa kipana kama kilima badala ya kuwa chembamba, mara nyingi ni chumvi na unyevu, na kwetu huku chumvi haina msimu. Hiyo tunaiosha kwa maji baridi ya kunywa, tunaikausha, tunapima tena kabla ya kupaka vanishi, ukipaka kabla haijakauka umeifungia chumvi ndani.

Jambo moja tunalishikilia sana, hesabu na kipimo zikipishana hatubadilishi namba za hesabu mpaka zifanane. Kuna njia nyingi za kuzilazimisha zikubaliane na zote zinakuachia koili mbovu baharini.

Ukija tuletee koili pamoja na kitako chake na kipande cha antena, usiikwaruze wala usiifungue, na kama unajua inatumika masafa gani utuandikie. Karatasi ya vipimo viwili tunakupa uende nayo, iweke chomboni, siku ikisumbua tena tutaanzia hapo.