Nani kawaambia Kiindonesia ni rahisi?

Mhariri,

Nimesoma kurasa zenu za elimu miaka mingi bila kuandika neno, hata pale palipostahili jibu. Ila ile taarifa yenu kuhusu shule za Australia zinazofunga madarasa ya Kiindonesia imenishinda. Mwandishi wenu anashangaa: lugha haina ngeli, kitenzi hakibadiliki kwa nyakati, inaandikwa kama inavyotamkwa, sasa wanafunzi wanakimbia nini? Kisha anahukumu kuwa ni uvivu. Nimekifundisha Kiindonesia katika shule za jimbo la Victoria, na nawaambia kwamba hiyo sifa ya urahisi inaua madarasa kuliko uvivu wowote.

Taasisi ya Marekani inayowafundisha wanadiplomasia wake lugha hukiweka Kiindonesia kundi moja na Kiswahili: wiki 36, takriban saa 900 darasani, tena kwa mtu mzima anayelipwa mshahara ili asome. Pigeni hesabu. Mwanafunzi wa sekondari mwenye saa mbili kwa wiki, katika mwaka wa masomo wa wiki 40, anapata saa 80, na hapo hamjatoa siku za michezo, mitihani na mvua ya vikao. Saa 900 zitamchukua zaidi ya miaka kumi na moja. Sekondari ya huku ni miaka sita.

Mwaka wa kwanza ni raha kweli, nani abishe. Mtoto anasema "saya makan nasi", nakula wali, na mama yake anapiga makofi. Halafu kinakuja kiambishi awali cha vitenzi, meN-, ambacho N yake hubadilika kufuata herufi ya kwanza ya mzizi, na hapo ndipo walimu wengi wanapolipia ule uongo wa siku ya kwanza. Mzizi baca unakuwa membaca, lihat unakuwa melihat, ambil unakuwa mengambil. Mpaka hapo hakuna kilichopotea. Lakini mzizi ukianza na k, p, s au t, herufi hiyo inamezwa: kirim inatoa mengirim, pukul inatoa memukul, sapu inatoa menyapu, tari inatoa menari. Kamusi imepangwa kwa mizizi. Mtoto anakutana na memakai, anaitafuta kwenye M, haipo. Iko kwenye P, kwa sababu mzizi ni pakai. Anajifunza somo hilo, kesho anakutana na memakan, anakimbilia P, haipo. Hii iko kwenye M, mzizi ni makan. Menari iko T, menanti iko N. Baada ya wiki ya namna hiyo anafunga kamusi na kufungua programu ya tafsiri kwenye simu, na kuanzia hapo mwalimu anasahihisha kazi ya simu. Dawa yake inajulikana: anza na mizizi isiyopoteza kitu, kaa nayo wiki mbili tatu, ndipo ulete zile herufi nne, na zoezi liende kinyumenyume kila mara. Mpe mtoto neno lililokwisha kuvaa kiambishi, yeye akuvulie. Vitabu vingi vinamtaka avalishe tu.

Na hilo la "haina nyakati" tuliache? Muulize mwanafunzi kama amekula, atajibu "tidak", hapana, pale Mwindonesia anaposema "belum", yaani bado. Atasema "surat itu dibaca oleh saya" kwa sababu kichwani anatafsiri Kiingereza, yaani barua hiyo imesomwa na mimi, wakati wenyewe wanasema "surat itu saya baca", barua hiyo nimeisoma. Kitabu kimemfundisha "apakah kamu sudah makan?", je, wewe umeshakula? Akifika Yogyakarta, mji wa Indonesia, anaulizwa "udah makan belum?", umeshakula au bado, anabaki kutoa macho. Tena mbaya zaidi, ile "kamu", yaani wewe, anamtupia mama mwenye nyumba, badala ya kumwita Ibu, mama, kama mtu aliyelelewa.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni makabidhiano kati ya msingi na sekondari. Katika shule moja niliyofundisha, darasa la 7 liliwachanganya watoto wenye miaka sita ya Kiindonesia na wengine ambao hata "selamat pagi", habari za asubuhi, hawajawahi kuisikia. Uongozi ukaamua wote waanze upya na rangi, merah, kuning, hijau (nyekundu, njano, kijani), ili asiachwe mtu. Wanaojua wakashinda wanachora pembezoni mwa daftari. Darasa la 9, lugha ilipokuwa somo la hiari, hao ndio waliotangulia kutoka. Mwandishi wenu angewaita wavivu.

Na serikali nazo! Mpango wa shirikisho wa lugha za Asia ulianza 1995, ukakatwa 2002. Mwaka huohuo, Oktoba 12, mabomu ya Bali, kisiwa cha Indonesia, yaliua watu 202, Waaustralia 88 miongoni mwao, na tahadhari za safari zikafunga ziara za shule kwa miaka, huku familia zikiendelea kwenda Bali likizo na watoto walewale. Mpango mwingine ukaja 2009 na lengo kwamba ifikapo 2020 asilimia 12 ya wanaomaliza darasa la 12 wawe wanaimudu lugha mojawapo ya Asia kati ya nne. Fedha zilikoma 2012. Lengo sijui nani alibaki nalo.

Napendekeza hivi. Kipindi kimoja cha dakika 100 kivunjwe viwe vitano vya dakika 20, kila siku kimoja. Rangi na wanyama vipigwe marufuku baada ya darasa la 4, isipokuwa mnyama huyo awe anafanya jambo, kwa kitenzi chenye kiambishi. Kila mtoto anayevuka kwenda sekondari abebe karatasi moja yenye mizizi 30 anayoweza kuitumia, mwalimu wake wa msingi ameitia sahihi. Na waziri yeyote atakayesimama kusema Kiindonesia ni lugha rahisi ya jirani, apelekwe moja kwa moja kwenye chumba cha mtihani wa mazungumzo wa darasa la 12. Mwandishi wenu amsindikize.

Mwalimu wa Kiindonesia,
Victoria, Australia