Jaketi la Buluu na Siku ya Sita

Kisauni, Mombasa
Mwezi wa Agosti

Mwanangu mpenzi,

Salaam aleikum. Ukitaka kujua hali zetu, sisi ni wazima, ila goti la babako limeanza tena, na paka wako kazaa watatu chini ya cherehani. Ama baada ya salamu, nina neno nawe. Kwamba unapanda Kilimanjaro mwezi ujao nimelisikia kwa shangazi yako, sokoni, mbele ya wateja. Nikajifanya nalijua. "Aliniambia kitambo," nikasema, huku nakunja suruali ileile mara ya tatu. Hilo tutaliongea ukija nyumbani.

Sikukatazi. Nakuandikia kwa ajili ya kitu kimoja kwenye ile ratiba uliyomtumia shangazi yako: siku tano. Lango la Marangu, halafu vituo vya kulala, Mandara, Horombo, Kibo, kileleni, halafu chini. Ati siku tano, kwa mtoto aliyelelewa mahali ambapo ngazi ndefu kuliko zote ni za kwenda kwa jirani ghorofa ya tatu! Asubuhi hii nimekutumia pesa kwa M-Pesa. Usinirudishie. Ni za siku ya sita, ya kuongeza katikati ya safari. Siku hiyo mtalala Horombo usiku wa pili, kwenye mita 3,720. Mchana mtapanda mpaka Zebra Rocks, yale mawe yenye michirizi myeusi na myeupe, kwenye mita 4,000 hivi, mkae kidogo, kisha mshuke mlale palepale mlipolala jana. Wenzako wataiona siku iliyotupwa. Waambie mamako ndiye kalipa.

Hewa ya kule mchanganyiko wake ni uleule wa Mombasa, ila imepwaya. Hapa kwetu hewa yote ya juu imetulalia kichwani, ikashindiliwa kama nguo kwenye robota. Kadiri unavyopanda robota linalegea, na kila pumzi inabeba kidogo. Uhuru, kileleni kabisa, mita 5,895, pumzi moja ina oksijeni kama nusu ya ile unayoivuta ukiwa kwenye feri ya Likoni. Mwili unaweza kuzoea: unapumua haraka zaidi, figo zinarekebisha damu, chembe nyekundu zinaongezeka. Lakini unazoea kwa wakati wake. Na usinipe habari za kukimbia kila asubuhi. Mazoezi hukaza miguu, hayaufundishi ubongo kuishi na hewa haba. Vijana wenye nguvu huumia kwa sababu miguu inawafikisha juu kabla damu haijawa tayari.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata babako halijui vizuri. Mwaka ule nilipokwenda Marangu na kina mama wa chama, wewe ukiwa chekechea, nilirudi nikasema mvua ilitufukuza. Haikuwa mvua. Aliyetupangia safari, nami simtaji, alitaka kubana siku. Badala ya kulala Mandara, tulikula chapati pale tukaambiwa tuendelee mpaka Horombo siku ileile. Karibu mita 1,800 za kupanda kwa siku moja, na mimi juzi yake nilikuwa ufukweni. Njiani nilijiona shujaa. Nikawa nacheka na ile mimea yao mikubwa, kama kabichi iliyopandishwa juu ya mnazi, ambayo usiku hufunga majani yake isigande.

Jioni nikaletewa mtori. Harufu yake tu ikanitoa nje. Kichwa kilikuwa kinatwangwa kwa ndani, na kila nikiinama kufunga kamba za viatu mtwangaji anaongeza mkono. Usiku nikawa napumua, napumua, mara pumzi inakatika, nagutuka kama mtu anayezama. Alfajiri kiongozi wetu, kijana wa Kichaga, akaniambia, "Mama, hebu tembea juu ya ubao huu, kisigino kiguse kidole." Nikatembea sawasawa. Akasema vyema, lakini hata hivyo tunashuka. Nikambishia. Nikamwambia nimelipa. Hakujibu, akaokota mfuko wangu akaanza kuteremka nao, ikanibidi nifuate mfuko wangu. Tulipofika Mandara nilikuwa naomba chai na mkate. Hiyo ndiyo mvua niliyowasimulia miaka yote hii.

Kulikuwa na kijana mwingine, mmoja wa wale wapagazi ambao kule wenyewe hujiita wagumu. Kichwani kiroba cha watu, mwilini shati mbili na koti la mvua lililochanika kwapani, midomo imekuwa ya rangi ya majivu. Langoni nilimwachia jaketi langu. Wiki mbili baadaye nilifungua robota langu la kwanza la majaketi mazito pale Kongowea, watu wakanicheka: nani atavaa haya Mombasa? Walioyanunua ni wachuuzi wa Taveta, wanaoleta ndizi na kurudi na mitumba. Umesomeshwa na majaketi hayo, kama hukujua.

Kwa hiyo mambo ya nguo nisikilize mimi, usimsikilize muuza duka la Nairobi. Ndani ya furushi nililokutumia kwa basi kuna jaketi la buluu la manyoya ya bata. Ni kamera, yaani daraja la kwanza, nililichomoa kabla robota halijamwagwa chini, na kuna mteja alitaka kunipiga. Mfukoni mlikuwa na tikiti ya lifti ya milimani, ya Austria. Nimeiacha humohumo. Jaketi hilo limeshaiona theluji, wewe bado. Ila manyoya yakilowa hayafai kitu, kwa hiyo juu yake vaa lile jepesi la mvua. Ya kugusa mwili ni zile mbili nyembamba za sufu. Sufu hata ikipata unyevu bado inashika joto. Jinzi na fulana za pamba ziache kwako. Pamba ikinywa jasho haikauki kule, itakulalia mgongoni kama leso iliyotoka kisimani. Glavu ni jozi mbili, nyembamba ndani, nene nje. Niliweka na soksi za babako, asijue.

Unakumbuka nilipokupeleka Rabai, kwenye lile kanisa la wamishonari, ukalia njaa? Kutoka Rabai ndiko mmishonari Rebmann alikoanzia safari yake ya mwaka 1848. Tarehe 11 Mei akaona kitu cheupe juu ya mlima. Akamuuliza kiongozi wake, Mswahili aliyeitwa Bwana Kheri, ile nyeupe ni nini. Kwanza ikasemwa ni wingu. Alipouliza tena akajibiwa ni baridi tu. Rebmann akaandika kuwa ni theluji, na London wakabisha kwamba theluji karibu na ikweta haiwezekani. Wabishane wao. Mimi niliyetazama kilele cha Kibo kutoka Horombo, meno yakigongana, naona jibu la Bwana Kheri halikukosa kitu.

Usiku wa kilele mtaamshwa Kibo Hut, mita 4,700 na ushei, kabla ya saa sita. Huondoka usiku kwa sababu kokoto za mlima zikiganda zinashikamana. Jua likizipiga zinateleza, hatua mbili mbele, moja nyuma. Itakuwa chini ya sifuri, pengine nyuzi 10 au 15, na upepo juu yake. Chupa ya maji igeuze kichwa chini, maana barafu huanzia juu, upate kunywa. Simu iweke karibu na mwili, betri hufa kwa baridi. Tembea kwa mwendo wa kuweza kuongea; ukishindwa kumaliza sentensi, unakimbia. Ukifika Gilman's Point, hapo ni ukingo wa kreta, watu wengine huangua kilio wakidhani wamemaliza. Bado kama saa mbili za kuufuata ukingo mpaka Uhuru, na hapo ndipo uwe mkweli. Kichwa kuuma kidogo, wengi huumwa. Lakini ukianza kuyumba kama mlevi, kusema maneno yasiyoungana, kukohoa povu, au kutweta hata ukiwa umekaa, hakuna kusubiri kupambazuke wala kupiga picha. Ni kushuka, saa hiyohiyo, na mtu akiwa amekushika. Na ukimwona mwenzako hivyo, usimwulize yeye kama yuko sawa. Atakwambia yuko sawa. Mimi pia nilimwambia yule kijana niko sawa.

Shangazi yako anasema wenzako wote wanameza Diamox, vile vidonge vya kusaidia mwili kuzoea hewa haba. Mwanangu, ulipokuwa darasa la sita ulipewa dawa ya salfa, uso ukavimba macho yakafunga, tukalala hospitali. Diamox nayo ni ya ukoo wa salfa. Usipokee kidonge cha rafiki. Nenda kwa daktari, umweleze habari ya uso ule, yeye ndiye aamue. Na hata ukiruhusiwa, kidonge hakilipi deni la siku ya sita.

Wagumu wasibebeshwe zaidi ya kilo 20, ndiyo sheria ya mlima. Mzigo hupimwa langoni, basi simama hapo uangalie, usiende kununua soda. Kwenye furushi kuna majaketi mawili zaidi, la kijani na la kahawia. Hayo si yako. Utawaona wa kuwapa, hutahitaji kuuliza.

Babako anakusalimu. Anasema ulete jiwe. Nimemwambia mawe ya hifadhi hayachukuliwi, kanuna. Mpigie ukiwa Moshi, kabla hamjaingia langoni, maana akianza kukutafuta hewani asikupate, atanisumbua mimi. Mimi nitaanza kuikaribia simu siku ya sita jioni. Siku ya tano nitakuwa sokoni kama kawaida.

Mola akuhifadhi.

Mamako

Nilisahau: zipu ya mfuko wa ndani wa hilo la buluu hukwama. Ipake mshumaa kabla ya safari, maana ukiwa na glavu mbili hutaiweza.