Kwa mwanangu anayetembeza wageni

Vienna, Septemba

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Najua ungependa nikutumie sauti kwenye simu, lakini sauti zangu unazisikiliza nusu huku unatembea, kisha unanijibu kwa kidole gumba. Hii nimeiandika kwa mkono, na mama yako mdogo atampa mtu anayerudi Unguja Jumamosi. Isome ukiwa umekaa.

Tumerudi salama, alhamdulillah. Siku kumi, basi moja, watu 38, kutoka hapa Vienna mpaka kusini kabisa mwa Montenegro na kurudi. Mama yako mdogo ndiye aliyelipa, akaniambia, "Dada, kazi yako wewe ni kupanda na kushuka tu." Alinidanganya. Safari ya kundi ni kazi. Saa 12 na nusu asubuhi sanduku liwe limeshatolewa mlangoni, saa 1 chai, saa 2 kasoro robo basi linaondoka, na ole wako uwe ndiye unayengojewa.

Siku moja nikawa mimi. Kwenye mpaka mmoja paspoti zote zilirudishwa isipokuwa yangu. Viza yangu ya Schengen, ile ya nchi nyingi za Ulaya, ni ya kuingia mara nyingi, na ukiwa nayo nchi za jirani kama Bosnia na Montenegro zinakuruhusu kupita, lakini kijana wa kibandani alitaka kwanza amuulize mkubwa wake. Tukakaa dakika arobaini. Kila mtu ndani ya basi alijua ni paspoti ya nani.

Hapo ndipo nilipoanza kumtazama kiongozi wetu kwa jicho la mama mwenye mtoto wa kazi hiyohiyo. Ni Mkroati, umri wake karibu na wangu, hana mwavuli wa kunyanyua juu kama wenziwe, ana fimbo yenye leso ya manjano. Hakuniomba radhi mbele za watu wala hakuwaomba watu wavumilie. Alishika kipaza sauti akaanza kuwahadithia mipaka. Kwamba mwaka 1699 watu wa Dubrovnik, kwa kuwaogopa Waveneti, waliwaachia Waturuki kipande cha pwani kiwe ukuta baina yao. Kwamba kwa ajili ya ujanja huo mpaka leo Bosnia ina kijidirisha cha bahari pale Neum, kama kilomita 20 tu, na Kroatia imekatika vipande viwili, hata ikabidi wajenge daraja la Pelješac, lililofunguliwa 2022, ili mtu aende Dubrovnik bila kutoka nchini kwake. Alipomaliza, paspoti yangu ilikuwa imeshafika na hakuna aliyekuwa akinitazama tena. Nikasema moyoni, huyu fundi.

Nikaanza kumsoma. Hahesabu watu, anahesabu viti vitupu, maana ni vichache na havitembei. Anajua dereva akishaendesha saa nne na nusu sheria ya Ulaya inamlazimisha apumzike dakika 45, basi choo, kahawa na sala yangu ya adhuhuri vyote anavipanga humo. Hilo la sala sikumwomba. Siku ya pili alikuja mwenyewe, akaniuliza kwa sauti ya chini nahitaji nafasi kiasi gani.

Slovenia nakupitisha mbio. Ziwa la Bled ni zuri kama picha, lina kisiwa chenye kanisa na ngazi 99, nikamwachia mama yako mdogo azipande. Pango la Postojna unaingia kwa treni ndogo, baridi kama ndani ya friji, na wana kiumbe kipofu wanachokiita samaki-mtu kwa rangi ya ngozi yake. Haya, tumekwisha.

Split, mji wa pwani ya Kroatia, ungeipenda. Kaizari Diocletian wa Roma alijijengea kasri la kustaafia mwanzoni mwa karne ya nne, na watu mpaka leo wamo ndani yake: mtu ana jiko pale palipokuwa ukumbi wa mfalme, nguo zimeanikwa juu ya nguzo za Kirumi. Kaburi la kaizari mwenyewe, aliyewaua Wakristo, wameligeuza kanisa kuu. Uchochoro mwingine mwembamba hata nikainyoosha mikono nikagusa kuta mbili, kama kwetu Mji Mkongwe. Na kilio ni kilekile: nyumba zinageuka za wageni, wenyewe wanahamia nje.

Kwenye miji hiyo mikubwa kiongozi wetu alikuwa akinyamaza. Kila mji ulikuwa na mtu wake mwenye leseni, anatupokea getini na kuturudisha getini. Wa Mostar, kule Bosnia, sitamsahau.

Daraja lao la mawe lilijengwa na Mimar Hayruddin, likamalizika 1566. Lilisimama miaka 427. Tarehe 9 Novemba 1993, wakati wa vita, likapigwa mizinga mpaka likaanguka mtoni Neretva, na hili la sasa ni jipya, limefunguliwa 2004. Mtu yule alitusimamisha penye kivuli, akasema mizinga ilikuwa ya vikosi vya Wakroati wa Bosnia. Kiongozi wetu, Mkroati, alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake. Mtu wa Mostar hakupaza sauti alipofika hapo, wala hakuishusha. Hakumtazama, na wala hakukwepa kumtazama. Akaendelea na habari za mawe ya kujengea upya, kisha akatuacha tuangalie maji. Juu ya daraja vijana walikuwa wakichangisha pesa ili waruke, na ni zaidi ya mita 20 kwenda chini. Kofia isipojaa hawaruki. Watoto wetu wa Forodhani wanaruka bure kila jioni.

Sasa nikwambie jambo ambalo nimelinyamazia mwaka mzima. Mwaka jana nilikufuata Mkunazini. Nilikuwa natoka sokoni, nikaliona kundi lako, nikasema nimsikilize mwanangu. Ulikuwa kwenye vile vyumba vya chini vinavyoonyeshwa kuwa vya watumwa. Ukashusha sauti, ukazima taa, ukawaambia wageni wafumbe macho. Mama mmoja akalia. Kisha getini ukasimama pale pa bakhshishi na uso bado wa msiba. Nilirudi nyumbani nikakaanga samaki, sikukwambia kitu. Nilijua una kodi ya kulipa na mapapasi, hao wanaowavuta wageni mitaani, wa kushindana nao.

Mtu wa Mostar ndiye aliyenikumbusha.

Sarajevo niliingia kama mtu anayerudi nyumbani, na sababu ni saa. Karibu na msikiti wa Gazi Husrev-beg, wa karne ya 16, kuna mnara wa saa, wao wanauita sahat-kula. Mtembezaji akatuambia saa ile ina maajabu, haifuati saa za dunia, jua likizama mishale lazima ionyeshe kumi na mbili. Wajerumani wakaangalia saa zao za mkononi, wakauliza, wakauliza tena, akachora kwenye karatasi. Mimi nilikuwa nacheka peke yangu. Jua likizama saa 12, mwanangu! Ni saa yetu ile ile, ya mama yangu na ya kila muuza kahawa wa Jaws Corner. Tofauti ni kwamba kwetu jua halina haraka wala uvivu, mwaka mzima linazama karibu pale pale. Kwao Juni linazama baada ya saa 2 usiku, Desemba saa 10 na kitu alasiri, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kupanda mnarani kuirekebisha saa isipitwe na magharibi. Nikaomba niseme. Nikawaeleza watu wote wa basi, mimi mwalimu mstaafu wa skuli ya msingi, na mtembezaji akanipa kipaza sauti chake. Kisha adhana ikaingia, nikaenda kusali.

Na maneno yao! Duka ni dućan, sabuni ni sapun, sanduku ni sanduk, kahawa ni kahva, na kikombe chake kidogo fildžan, yaani finjani. Bakhshishi ni bakšiš, hilo lilikuhusu. Musafir kwao ni mgeni aliyekuja nyumbani kwako, si mtu aliye njiani. Kahawa wanaileta na kipande cha lokum pembeni kama sisi na halua. Mabibi wawili wa meza ya jirani walinifundisha kuchovya sukari ya kipande kidogo kidogo. Hatukuwa na lugha ya pamoja, na tulikaa saa nzima. Ukutani nyuma yao palikuwa na matundu ya risasi za miaka minne ya kuzingirwa mji, 1992 hadi 1996. Hawakuyaonyesha, nami sikuuliza.

Dubrovnik ni joto na watu. Meli mbili kubwa zilikuwa zimetia nanga na sote tulikuwa juu ya ukuta mmoja. Ukuta wenyewe una karibu kilomita mbili, nikafika nusu. Lakini nenda kasome habari za karantini yao: mwaka 1377 waliweka sheria kwamba wanaotoka penye maradhi wakae kwanza nje ya mji siku 30. Ukimhadithia mgeni habari za Kisiwa cha Changuu, kilichokuwa chetu cha karantini, anzia huko.

Kotor, paka. Paka kila mahali, wanene, wenye adabu.

Kisha Ulcinj, mwisho wa Montenegro, karibu na Albania, na wenyeji wengi ni Waalbania. Kwenye ratiba paliandikwa chakula cha mchana na kuogelea. Hapakuwa na mtu wa mji wa kutupokea, kwa hiyo kiongozi wetu alituongoza mwenyewe mpaka ngome ya zamani juu ya mwamba, tukasimama kwenye kiuwanja cha mawe. Akasema, "Hapa ni uwanja wa watumwa. Mabaharia wa Ulcinj walikuwa wakileta Waafrika. Kuna hadithi kwamba hata Cervantes, mwandishi wa Hispania, alifungwa hapa. Mna nusu saa ya kupiga picha."

Basi zima likanigeukia. Mwanamke mmoja akanigusa bega akanipa chupa ya maji, kama mfiwa.

Sikulia, wala sikutaka maji. Nilitaka kuambiwa zaidi. Nikamfuata mwenye duka la zulia, akanieleza alilolijua kwa Kiingereza chake: waliletwa kwa majahazi kupitia Tripoli, karne ya 18 na ya 19, wakatumikishwa majumbani na melini. Walipokuwa huru baadhi yao hawakuondoka. Wakawa mabaharia na wakulima, wakaoa, wakazungumza Kialbania, na ukoo wao upo mpaka leo ingawa wamebaki wachache. Hawakutoka kwetu, mwanangu, njia yao ni ya jangwani, si ya Bagamoyo. Lakini nilikaa kwenye ukingo wa kile kiuwanja mpaka nusu saa ya picha ikaisha, na bahari ya pale ni buluu kama ya kwetu.

Usiku ule kiongozi wetu alikuja kukaa kiti cha mbele yangu hotelini. Hakuzunguka. Akasema, "Pale mchana nilikosea. Ningesemaje?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia nina mtoto ambaye kazi yake ni kusema maneno hayo kila siku, msimu wa wageni hata mara mbili kwa siku, nitamuuliza.

Basi nakuuliza. Ungesemaje, kama kwenye basi yumo mtu mweusi mmoja tu? Na pale Mkunazini, ambapo soko la watumwa lilifungwa 1873, unasemaje siku ambayo kundini yumo mgeni kutoka Oman, na pembeni yake mtu wa bara aliyekulia kwenye hadithi za babu zake, wote wamelipa sawa, wote wanakutazama mdomo? Yule wa Mostar alipata njia yake. Yako sijui ni ipi, na sitaki unijibu kwa simu.

Nafika Alhamisi ya wiki ijayo, inshallah, ndege ya mchana. Njoo na gari, sanduku ni zito: nimekuletea birika la shaba la Sarajevo, mkeo nimemchukulia kitambaa, watoto peremende. Ijumaa nipumzike. Jumamosi nitaingia kwenye kundi lako la asubuhi, nitalipa kiingilio kama wengine na nitakaa nyuma. Usinitambulishe.

Mama yako